Fundi Ngozi Nje ya Ukuta

Enzi zile mji ulipokuwa na ukuta na lango la kufungwa usiku, jioni moja fundi ngozi alikuwa njiani kumpelekea binti yake viatu vya mjukuu. Vidogo, viwili vinaenea kiganjani.

Angeviacha langoni, maana ndani haruhusiwi tena. Wazee wa baraza walikuwa wamemfukuza mjini kwa kuwa ananuka. Na kunuka, tusidanganyane, alinuka: ngozi mbichi, chokaa, kinyesi cha njiwa cha kulainishia. Lakini binadamu tuna vituko jamani! Walikaa kumhukumu wamejimwagia manukato hadi nzi wakalewa, na miguuni kila mmoja kavaa viatu alivyoshona yeye huyohuyo.

Giza likaanza kuingia. Mara... harufu.

Tamu. Tamu mno.

Mwanamke alikuwa amesimama mbele yake, kajitanda nguo nyeupe, kaziba pua.

"Nipishe, baba," alinong'ona.

"Njia yote hii, mama? Pita."

"Ulipokuwa ndani sikuweza kuingia. Baba yako naye alinizuia. Na babu yako." Akacheka kidogo. "Kumbe wamekutoa wenyewe."

Nywele zikamsimama mzee. "Unakwenda kwa nani?"

"Kwa binti yako. Nina hamu na mtoto."

Hakumwona akipiga hatua. Alishtukia tu mwanamke yuko langoni, na walinzi wanamwinamia. "Karibu mama! Unanukia wewe!" Fundi alipofika anahema, wakamziba njia kwa mikuki. "Rudi huko, mzee. Utatuchafulia hewa."

Akauzunguka ukuta mbio za kufa na kupona, hadi kwenye kidirisha cha nyumba ya binti yake, iliyoegemea ukuta ule.

"Mwanangu! Mnyang'anye mtoto!"

"Baba, shusha sauti, nina mgeni." Binti alinong'ona kwa hasira. "Unataka na mimi wanifukuze? Anamnusa utosi tu. Anasema mtoto ananukia maziwa."

Mzee alivua aproni yake ya kazi, iliyolowa uvundo wa miaka na miaka, akaivurumisha ndani.

Chafya.

Nyingine. Tena nyingine... wala hazikuwa chafya za mtu. Kisha mtoto akaangua kilio, kilio kikubwa cha mtoto mzima wa afya, na babu yake nusura alie naye kwa furaha.

"Usiiguse hiyo aproni, mwanangu! Nakuomba!"

Lakini binti alikuwa ameona aibu ya mwaka. Aliishika kwa ncha za vidole, akaitupa nje, ikamwangukia baba yake usoni.

"Nisamehe, mgeni wangu," alisikika akisema. "Huyu mzee ndivyo alivyo."

Kidirisha kikafungwa.

Chafya zikakoma.

Na kilio pia.