Makofi Kaburini kwa Nduna

Rafiki yangu Eusebi Komba wa Namtumbo hajawahi kunidanganya. Mwaka juzi mama yake, Ludovika, akiwa mgonjwa mahututi, alimtuma Songea kwenye kaburi la nduna, kiongozi wa kivita aliyenyongwa na Wajerumani pamoja na wapiganaji wake. Babu yake Ludovika, Kapinga, ndiye aliyewaonyesha Wajerumani maficho ya nduna huyo.

"Kamwombee babu yangu msamaha," alisema mama. "Nisife na aibu hii."

Kaburi limejengewa nyumba isiyo na dirisha. Eusebi alivua viatu, akaingia na kurudisha mlango, akamkuta Muhsini, mwongoza wageni, amelikalia huku akitafuna karanga.

"Inuka! Huyo ni mtu, si benchi!"

"Shikamoo, mzee," Muhsini alicheka, bila kuinuka. "Mbona mwenyewe halalamiki?"

Eusebi alimgeuzia mgongo. Alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama wakubwa wanavyosalimiwa kwao, akaomba msamaha.

Ghafla umeme ukakatika. Gizani, makofi mazito yakajibu, moja baada ya jingine.

"Unamdhihaki nani, mshenzi wewe?" Eusebi alifoka. "Mama yangu anakufa!"

"Si mimi, mzee," Muhsini alinong'ona. "Nishike mikono."

Eusebi alipapasa, akaipata yote miwili, imelowa jasho. Makofi hayakukoma. Yalitoka chini ya jiwe la kaburi.

"Ninayemwombea ni Kapinga, babu yetu," alisema Eusebi, akiliinamia jiwe. "Msamehe."

Makofi yakaanza kwenda mbio, na sasa hayakuwa ya mtu mmoja.