Staa wa Pembeni

"Staa, njoo uone!" fundi televisheni aliita kutoka sebuleni.

Mkewe hakuitika. Alikuwa chumbani akihangaika na zipu ya begi, na jina hilo lilikuwa limemfika shingoni.

Miaka tisa nyuma, siku familia zao zilipokutana, alisimulia jinsi alivyoshona nguo za filamu moja, kisha waigizaji walipopungua wakampitisha mbele ya kamera na beseni kichwani. Mchumba wake, fundi huyu wa televisheni, akachomeka kanda ya filamu hiyo hapohapo. Wakatazama mwanzo mwisho. Beseni halipo, mbeba beseni hayupo. Si unajua ukoo ukianza kucheka? Tangu siku hiyo mshonaji akaitwa Staa, na kila alilosema nyumbani lilijibiwa: "Kama lile beseni?"

Jana alisema mgongo unamuuma. Mumewe akajibu vilevile. Basi, akachoka.

Ujumbe ukaingia kwenye simu, wa kaka yake: "Dada, niko njiani. Kaa tayari."

"Staa!"

"Nimechoka na hilo jina, mume wangu. Kaka anakuja kunichukua."

"Dakika moja tu. Nakuomba."

Akatoka na begi lake. Sebuleni televisheni mbili za wateja zilikuwa ubavu kwa ubavu, filamu ileile, imesimamishwa palepale. Kushoto ile kanda: rangi zimepauka, chenga tupu, shujaa kajaa kioo kizima. Kulia diski mpya aliyoletewa na mteja asubuhi: picha safi, imetanuka pande zote. Na huko pembeni, nyuma ya shujaa, msichana na beseni kichwani.

"Kwenye kanda waliikata picha pembeni, ienee kwenye televisheni za zamani," fundi alisema. "Ni wewe. Hata mwanya unaonekana."

"Mimi nilijua nipo."

Mke akaliweka begi chini.

"Miaka tisa unasubiri diski ndiyo uniamini? Mdomo wangu haukutosha?"

"Nilikosea. Nisamehe, mke wangu."

"Ulinicheka mbele ya watu. Usiniombe radhi tukiwa wawili."

Fundi akachukua simu, akaweka spika.

"Haloo, mama? Lile beseni lilikuwepo. Mke wangu hakudanganya, mjinga nilikuwa mimi. Waambie wote. Na hilo jina la Staa liishe leo."

"Makubwa! Hebu nipe mkwe wangu."

"Baadaye, mama," mke alisema. Akaketi kwenye kochi, begi bado miguuni. Alikuwa amechoka hata kukasirika. Fundi akamwekea mto mgongoni bila kuambiwa.

Honi ikalia nje. Fundi akalitazama lile begi.

"Mwite kaka aingie," mke alisema. "Na yeye alicheka siku ile. Aje aone."

Fundi akakimbilia mlango.

"Subiri kwanza. Rudisha nyuma kidogo." Mke akainama kuitazama ile picha ya kulia, na kwa mara ya kwanza wiki nzima akatabasamu. "Jamani, nilikuwa mwembamba!"