Mikono Miwili ya Kulia

Lifti ilikuwa imegoma tena, na watu walijazana chini ya jengo wakisonya. Mshonaji alifika hoi, magauni ya harusi ya watu yamemlemea begani.

"Fundi, fanya haraka bwana!" mtu alifoka.

"Nikifanya haraka, mtapanda haraka na kushuka haraka zaidi," fundi lifti alijibu bila kugeuka.

Mshonaji aliangua kicheko pamoja na uchovu wake. Fundi akageuka kuona nani anacheka. Alivaa ovaroli ya bluu iliyopauka, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyekimbizwa na lolote. Mapenzi yao yakaanzia hapo, mengi kwa simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado, nina magauni ya watu."

"Magauni hayali. Kula wewe."

Ilikuwa raha tupu, mpaka mdogo wake mshonaji alipochumbiwa. Shangazi, aliyewalea wote wawili, akaja juu.

"Mdogo wako anakupita hivi hivi unatazama? Wenzako wote wako kwao!"

Kweli, wenzake wote walikuwa wameolewa, na magauni yao aliyashona yeye. Maneno yakamwingia. Akamtaka fundi wafunge ndoa kabla ya mdogo wake. Fundi akasema, "Sawa, ukipenda." Tangu hapo akawa anaunganisha zamu, ya mchana na ya usiku, kutafuta pesa za harusi.

Siku ya kujitambulisha, fundi alifika kwa shangazi na shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Akaketi kwenye kochi. Shangazi alipokuwa anaeleza habari za ukumbi na mapambo, mgeni akalala. Tena akakoroma.

"Umeniaibisha!" mshonaji alimwambia mlangoni. "Kama hunitaki, sema."

"Nakutaka. Nimechoka tu."

"Mbona wenzako hawachoki?"

Fundi alimtazama, akavaa viatu, akaenda zake. Alipopiga simu kesho yake, mshonaji hakupokea.

Akalivamia gauni lake mwenyewe kwa hasira. Alikata mikono mbiombio, hata kitambaa hakukikunja ili wa kulia na wa kushoto itoke pamoja. Alipoishikiza, mmoja ulikaa sawa, wa pili ukajivuta nyuma. Yote miwili ilikuwa ya kulia! Hilo ni kosa la mwanafunzi, na kitambaa kilikuwa kimekwisha. Akaketi sakafuni akalia. Katikati ya kilio akagundua kwamba amefarijika, kwa sababu sasa gauni halitawahi. Akajionea aibu, kisha akapiga simu.

"Nimekata mikono miwili ya kulia."

"Ya gauni la nani?"

"Langu."

Fundi akacheka polepole. "Pole, mpenzi."

"Nilikuwa nashonea macho ya watu. Na wewe nikakukimbiza bure. Nisamehe."

"Na mimi ningekwambia mapema kwamba siwezi harusi ya haraka hivi. Niliogopa utamfuata anayeweza."

"Bado unanitaka?"

"Hata nikiwa usingizini."

Jioni walikwenda pamoja kwa shangazi. Hakuwakaribisha hata kuketi.

"Haya, harusi iko palepale? Watu wananiuliza, niwaambie nini?"

Mshonaji hakuwahi kumkatalia shangazi jambo. Akamshika fundi mkono.

"Mdogo wangu atangulie, gauni lake nitamshonea mimi. Wakikuuliza habari zangu, shangazi, waambie mchumba ninaye. Tarehe sina."