Mabati Kilimani Mkuyuni

Kila asubuhi Sabina alifagia uwanja, akaoga, kisha akashuka kwenda shule kwa njia ya miguu iliyopita ubavuni mwa nyumba yao, juu ya kilima cha Mkuyuni. Nusu ya mtaa ilipita hapo: wanafunzi, akina mama wauza dagaa, hata wazee waliotaka kunyoosha miguu tu.

Mama yake, Rebeka, aliichukia njia ile. Wapita njia walimtupia maganda ya miwa mlangoni na kuzichafua nguo alizoanika. Siku moja uvumilivu ukamwishia, akaiziba kwa mabati.

"Wazunguke barabarani," alisema. "Hapa si stendi."

Jirani wa chini, Mzee Okeyo, hakuja kuuliza. Alikata miiba akaufunga ua wake, ambamo Rebeka alizoea kupita akienda sokoni. Wengine nao wakafunga kwao. Haikupita wiki, kilima kikawa mabati na miiba. Wenye nauli walipanda bodaboda hata kwenda dukani. Wasio nayo walishinda ndani.

Shuleni, Rozina, binti wa Okeyo, alimsukuma Sabina penye bomba la maji.

"Mwambie mama yako kilima si chake."

"Na miiba ya baba yako?" Sabina alijibu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyecheza naye.

Jioni moja Sabina na Rozina walikuwa wakirudi kwa barabara ya magari, ambayo haikuwa na nafasi ya waenda kwa miguu. Rozina alitangulia mbele, hataki kuongozana naye. Lori likampita karibu mno. Akajirusha mtaroni, goti likachanika. Sabina akamkimbilia.

"Usiniguse," Rozina alisema huku akilia.

Sabina alimshika hivyo hivyo, akamfikisha kwao.

Alipofika nyumbani hakuvua hata sare. Alianza kuyang'oa mabati.

"Nani amekutuma?" Rebeka alimdaka mkono.

"Hakuna, mama. Lori limemkosakosa Rozina. Kesho litanipata mimi."

Rebeka alimwachia, lakini hakumsaidia. Mara Okeyo akapanda akifoka kwa sababu ya goti la bintiye, wakatupiana maneno makali hadi majirani wakamwita mwenyekiti wa mtaa, Bwana Kashindye.

"Rebeka, kutupiwa taka si haki, na jambo hilo tutalikomesha," alisema mwenyekiti baada ya kuwasikiliza. "Lakini njia ni ya mtaa. Nawe Okeyo, umelipiza kisasi, aliyeumia ni mwanao."

Akawaagiza wote waje Jumamosi kuifungua njia.

Jumamosi watu wa mtaa walitoka na sururu na makarai. Waliondoa mabati na miiba, wakapanga ngazi za mawe, wakaweka pipa la taka, na kando ya mwamba wakasawazisha mahali pa watoto kuruka kamba. Rebeka na Okeyo walifanya kazi bila kusalimiana.

Mwenyekiti aliwageukia watoto. "Mtaa wenye njia nzuri humtembeza mtu bila yeye kujua, na mwili wake ukapata nguvu. Mkizibiana njia, mtakaa ndani mkiugua na kuchukiana. Anayemfungia jirani hujifungia mwenyewe."

Rebeka alisikia. Mbele yake palikuwa na jiwe asiloliweza peke yake.

"Shika huko," alimwambia Okeyo, bila kumtazama.

Okeyo alishika, wakalinyanyua pamoja.