Dohani ya Hadji Saadoun

Maknini wa Yazid, mwana wa Hadji Saadoun, alikutwa asubuhi amelala chali ndani ya kizimba, mdomo wazi kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno. Alikuwa ndege wa kuimba, uso mwekundu, fahari ya mtaa mzima, na jana yake alikuwa mzima kabisa.

"Baridi hiyo," alisema Hadji Saadoun. "Mji huu wa Setif hata chuma kinakohoa."

"Baridi gani, Hadji?" mkewe Djouher alimnong'oneza. "Chumba cha maharusi kina joto kama hamamu. Na hiyo harufu, huisikii?"

Aliisikia. Sabuni ya waridi na nywele zilizolowa. Akafungua dirisha haraka, theluji ikampiga usoni. Alijua sabuni ile ilikuwa ya nani.

Ilikuwa ya Ourida, mpangaji wa ghorofa ya chini. Binti alikuwa na shahada mbili za kemia na kazi hana, akiishi kwa kuwafundisha watoto wazito wa kuelewa wa wenye nazo. Mara ngapi alipanda ngazi zile kulalamika!

"Ami, moto wa hita ya bafuni unawaka njano. Ukuta umejaa masizi. Kichwa kinaniuma mpaka natapika."

"Huli vizuri, binti yangu."

"Dohani imeziba, Ami. Hita ni yako, dohani ni yako, nyumba ni yako. Changu humu ni mapafu tu. Mlete fundi akague."

Hadji alicheka hadi kofia ikamtoka. "Mmesoma mpaka mkasahau bismillahi! Ukimwaga maji ya moto shimoni bila kumtaja Mungu, unawaunguza wenyewe, majini wa humo. Bafuni humo mna mwenzako. Msomee Ayatul Kursiy, khlas, basi."

Hadji alijua fika. Alipopandisha ghorofa ya juu kwa ajili ya harusi ya Yazid, kama kila baba wa mji ule anayeacha nondo zimechomoza juu ya paa mpaka mwanawe aoe, dohani ya chini iliishia katikati ya ukuta wa bibi harusi. Kuihamisha kulikuwa kazi. Akaikandika simenti, akapaka chokaa nyeupe, akatundika kizimba cha ndege palepale. Kwisha.

Ijumaa moja, kabla ya swala, Ourida aliingia kuoga asitoke. Hadji ndiye aliyevunja mlango. Kabla ya kumwita mtu alifunga gesi, akafungua madirisha yote, akangoja hewa isafike, huku binti wa watu amejikunja sakafuni, mashavu mekundu kama aliyesifiwa. Ndipo akapiga mayowe. Mbele ya majirani na wazazi wa marehemu, watu wa mashambani waliokuja na matope miguuni, akaweka mkono juu ya msahafu: "Wallahi nilisikia sauti ya kiume bafuni. Jini limemkaba."

Nani angembishia? Alikuwa amehiji mara mbili, na mara zote mbili moyo ulibaki uwanja wa ndege. Wakamzika Ourida kabla ya alasiri.

Sasa, siku ndege alipokufa, Hadji alishuka mchana kweupe hadi nyumba ya chini, iliyofungwa tangu mazishi. Alipofika mlangoni alisikia maji yakitiririka, kisha *vuup*, ule mguno wa hita inapojiwasha, ilhali gesi aliifunga kwa mkono wake mwenyewe na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na aliposukuma mlango wa bafuni mvuke ulimvaa usoni kama kitambaa chenye maji, kioo kinatoka jasho, moto wa njano unacheza nyuma ya kidirisha cha hita, na ndani ya ukuta, juu, mbali, maknini aliyekufa anaimba.

"Karibu, Hadji," ilisema sauti ya kiume kutoka ndani ya moto, laini, yenye adabu. "Umenitaja, nimekuja."

"Nani... nani wewe?"

"Uliyemsingizia. Mimi nilikuwa mpita njia, yule binti sikumjua. Ukanitundikia damu yake shingoni mbele ya msahafu, wenzangu wote wakasikia. Hata sisi tuna aibu. Ijumaa, baada ya swala, simama mbele ya watu walewale useme ulichofanya. Ukisema, naondoka. Usiposema, kazi uliyonisingizia nitaifanya. Nitaifanyia juu."

"Juu yuko mwanangu!"

"Najua. Ana sauti nzuri kuliko ndege."

Mwenye akili angesema. Hadji alichukua nyundo.

"Baba, wenzio wakistaafu wanacheza domino," Yazid alimtania, vumbi la chokaa likimwagikia kitanda kipya. "Wewe unabomoa ukuta wa mke wangu?"

"Panya, mwanangu. Panya tu."

Alitoboa simenti yote, akaunga bomba la bati mpaka nje ya dirisha, akafunga gesi ya ghorofa ile. Upepo ukapita. Akatabasamu. Jambo lilikuwa dohani, na dohani imefunguka. Ya nini tena kujiaibisha?

Ijumaa alisimama msikitini baada ya swala. Watu walewale wakageuka. Baba yake Ourida alikuwa safu ya mbele, ameinamisha kichwa. Hadji akafungua mdomo.

"Nawaalika nyote," akasema, "kula kuskusi nyumbani kwangu."

Sahani zilikuwa zimeshatengwa Djouher alipouliza, kwa sauti ya chini, mbona Yazid amekawia bafuni, naye Hadji akaziruka ngazi huku nyuma wageni wakimfuata na vijiko mkononi, akagonga, akaita, akaupiga mlango kwa bega lilelile lililovunja ule wa chini, na harufu ya sabuni ya waridi ikamtangulia kabla mlango haujaanguka. Yazid alilala chali, mdomo wazi.

"Gesi!" Hadji alilia. "Ni gesi! Niliiziba dohani mimi, kwa mikono hii! Ourida nilimuua mimi! Hapakuwa na jini!"

Djouher aliweka kiganja juu ya hita. Ilikuwa baridi kama jiwe la kaburi.

"Hita haikuwashwa, Hadji," alinong'ona. "Ni jini. Si wewe uliyetuapia?"

"Masikini, uchungu umempoteza akili," baba yake Ourida alisema, akamkumbatia. "Nyamaza, Hadji. Hata mimi nilitaka kumlaumu mtu."

Hadji akajikwamua, akapayuka, wakamshika mikono kwa huruma na kuanza kumsomea. Na kutoka kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe, juu ya kitanda cha maharusi, sauti laini ikamfikia yeye peke yake.

"Ahsante kwa kunisafisha. Yule wa kwanza ni wako, umesema kweli. Huyu wa leo, Hadji, ni wangu."