Digrii Thelathini na Sita

— Maharagi imeungua.

Charlène Bulonza alikuwa anateremka mtaa wa Nyawera na folda za ofisi kwapani. Alisimama. Akajisogeza kwenye ukuta wa duka la dawa, akapunguza sauti ya redio yake ya Motorola.

— Sufuria gani?

— Ile kubwa. Ya watu kumi na nne.

— Inaliwa saa ngapi?

— Gari inaipitia saa kumi. Inapeleka Kamanyola.

— Nani amepika?

— Mafundi iko wawili tu. Wote unawajua.

Grégoire, mkubwa wake wa kazi ya siri, akazima redio. Ilikuwa saa sita na robo mchana, mwaka wa tatu tangu Bukavu iamke chini ya bunduki za wageni.

Wale kumi na nne walikuwa wamezunguka vijiji vya Mwenga wakihesabu makaburi. Majina yao yalikuwa ndani ya faili moja iliyofungwa kwa neno la siri, na mtu alikuwa amenakili faili hiyo. Kulivunja neno lile, kompyuta ilipaswa kujaribu maneno saa kumi na nane bila kupumzika, na prosesa, ule ubongo wa mashine, ichemke muda wote huo. Kamanda wa wageni alikuwa anangoja disketi Kamanyola. Akiipata, wote kumi na nne wangekufa.

Mji mzima ulikuwa na mashine tatu tu zenye nguvu hiyo, zote zimeungwa nyumbani, kipande kwa kipande. Moja ya Dany. Moja ya Venant. Moja yake mwenyewe. Jumapili baada ya misa walikuwa wakikutana watatu, wanawasha kila mashine ikiwa bado baridi, wanafungua ule ukurasa wa bluu unaoonyesha joto la prosesa, wanaandika digrii kwenye daftari na kuchekana.

Charlène akasimamisha teksi. Ndani ya mkoba, chini ya folda, alikuwa na bastola ya Browning.

Mtaa wa Kasha, saa saba.

Dany alimkaribisha kwa mizaha, akauliza kama amekuja kumwona mgonjwa. Sanduku la mashine yake halikuwa na ubavu. Feni ya mezani ilikuwa imefungwa mbele yake kwa mpira wa baiskeli, na mahali pa ile dawa nyeupe inayopakwa juu ya prosesa, yeye alikuwa amepaka dawa ya meno. Ilikuwa imekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi.

Charlène akaipa mashine kazi nzito. Akavuta kiti, akaangalia namba.

Sitini.

Sabini na moja.

Themanini na tatu.

Dakika ya kumi na mbili ikajizima yenyewe.

— Hii yangu hata karata inashindwa kucheza, Dany akasema. Ya Venant njo mashine. Ile inatumika siku muzima, haitoke jasho.

Charlène akacheka kidogo, akaaga. Njia nzima ya kuja alikuwa ameomba mwenye kosa awe Dany.

Kwa maana nyumba ya Venant ilikuwa nyumba yake. Mama yake Charlène alipokufa mwaka wa tisini na sita, ni Papa Évariste, baba ya Venant, aliyekuja kumchukua kwa mkono. Ni Maman Clémence aliyempa kitanda, sahani yake ya bluu, na viatu vya shule.

Ibanda, saa tisa kasoro kumi.

Chumba cha Venant kilikuwa na baridi. Kipimajoto cha ukutani kilisema ishirini. Pembeni ya dirisha ilikuwa ile mashine yake ya Athlon, fahari ya Jumapili: vyuma vya kupooza alivyovikata kwa msumeno na kuvipiga tupa mwenyewe, feni mbili, moja inavuta hewa, nyingine inasukuma. Na juu yake, hadi chini, kitambaa cha Maman Clémence. Alikifuma kwa uzi mweupe, maua ya waridi pembeni, ndani akashonea kipande cha blanketi kuzuia vumbi. Venant alikuwa amemwambia mara mia angoje ipoe. Yeye akisikia feni zimenyamaza tu, anaingia, anaifunika na kuchomeka pembe zote, kama mtu anayelaza mtoto.

Venant alisema hajaiwasha tangu Jumapili, eti umeme ulikuwa unasumbua.

Charlène akakunja kitambaa vizuri. Akawasha. Akafungua ukurasa wa bluu kabla mashine haijaanza kazi yoyote. Kwenye daftari lao, ikiwa baridi, Athlon ile haikuwahi kupita ishirini na tatu.

— Trente-six, Venant. Thelathini na sita.

Mkono wa Venant ulikwenda kwenye mfuko wa shati.

— Umeizima hata saa moja haijapita. Maman alikufungia moto ndani.

Hapo akakaa kitandani. Akaeleza polepole, bila kuinua macho, kwamba Papa Évariste hakuwa safarini kama walivyomwambia maman. Wageni walikuwa wamemfungia ndani ya kontena, Kamanyola, wiki ya pili sasa. Disketi ifike, muzee atoke.

— Nimesoma jina moja tu, akasema. Ni Maman Madeleine wa chorale ya kanisa. Nikafunga. Sikuweza kuendelea.

Charlène akanyoosha mkono. Browning ilibaki mkobani.

Venant akampa disketi.

Akaivunja vipande viwili. Akafungua ubavu wa mashine, akang'oa diski kuu, akaitia katikati ya folda.

Saa kumi kamili Pajero ya wageni ikapiga honi mbili barabarani.

— Kama sitoke, bataingia, Venant akasema. Batafunga port ya ziwa mara moja. Bale batu kumi na nne banahitaji saa ngapi kufika kwa kisiwa ya Idjwi?

— Tatu.

Akachukua disketi nyingine mezani, ile waliyonakilia digrii za daftari lao la Jumapili.

— Kamanyola ni mbali, na barabara ni mbaya. Kabla bafungue hii, bale kumi na nne bamefika.

— Venant. Watakuua.

— Papa ataona kwamba nilikuja.

Akavaa koti. Akampita mama yake uani, akamgusa bega, akasema anarudi. Mlango wa gari ukafungwa.

Charlène akainua Motorola.

— Grégoire. Watoe wote kumi na nne sasa. Kwa ziwa.

— Na fundi?

— Iko njiani Kamanyola. Ametupa saa tatu.

Alipofika uani Maman Clémence alikuwa ameinama juu ya unga wa muhogo, kikombe mkononi. Akamuuliza kama Venant atarudi mapema, ajue kupima, na kama yeye pia atabaki kula.

Charlène akarekebisha folda kwapani.

— Pima ya mutu moja, maman.

Akafungua geti, akateremka kilima kwa hatua ya mtu anayerudi ofisini. Hakugeuka.