Vidole Viwili Chini ya Mstari Mweupe

Mstari mweupe ulikuwa umezama. Solange Verdonck aliinama ukingoni mwa mfereji, mvua ikimwingia shingoni, akautazama ubavu wa kushoto wa boti yao mara mbili, kisha akautazama tena, maana macho ya mtu wa miaka sitini na mmoja si ya kuaminiwa asubuhi mbichi namna ile. Mstari huo Firmin, mumewe, aliupaka mwenyewe mwezi wa Aprili, sawasawa na mahali maji yanapofika boti ikiwa na wao wawili na mazagazaga yao yote. Jana ulikuwa unaonekana. Leo ulikuwa chini ya maji kwa vidole viwili, na upande wa kushoto tu.

Mwingine angepita zake akanywe kahawa. Lakini hawa wawili walizaliwa kwenye matishari ya mizigo, wakaoana kwenye tishari, wakabeba ngano na changarawe kwenye mito ya Ufaransa miaka thelathini na mmoja, mpaka walipouza tishari lao na kununua hii boti ya mita saba ya kuzeekea. Watu wa matishari husoma maji ubavuni mwa chombo kama wewe unavyosoma saa ukutani. Vidole viwili ni uzito, na uzito hauji wenyewe.

"Tunavuja," Solange alisema.

Firmin aliinua mbao za sakafu, akapitisha kiganja chini yake, akakitoa kikiwa kikavu. "Hakuna tone," alisema. "Labda ni ile supu yako ya jana, bibie. Mimi mwenyewe bado naisikia hapa."

"Firmin, funga mdomo, fungua kamba."

Ndivyo walivyoishi. Firmin alikuwa na mdomo usiojua Jumapili. Alikuwa na kichekesho chake kimoja cha padri na bata, alichokuwa akiwasimulia walinzi wa malango yote ya mifereji kutoka Paris mpaka Rhône, na kila alipofika karibu na mwisho Solange alimkatiza, kwa kuwa kahawa inapoa au kamba imelegea. Miaka yote hiyo hakuwahi kusikia padri alimjibu nini yule bata, na hakujali.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo, mto Ouche ulikuwa umeingia mashambani, na kwenye kila lango palibandikwa tangazo kwamba mfereji wa Burgundy utafungwa Jumamosi saa sita mchana kwa sababu ya mafuriko. Atakayekuwa bado njiani atabaki hapo hapo mpaka baridi iishe, katikati ya matope na ng'ombe. Wao walikuwa na nafasi yao ya kufunga boti bandarini Saint-Jean-de-Losne, na kabla ya kufika palikuwa na malango hamsini ya kushuka: unaingia kwenye shimo la mawe, mageti yanafungwa nyuma yako, maji yanapunguzwa, unatokea chini. Hapakuwa na muda wa kuchunguza vidole viwili.

Lakini Solange alikuwa mtu wa kuchunguza. Alisimama kwenye usukani, maji yakimchuruzika puani, akairudia siku ya jana hatua kwa hatua, mpaka akafika kwenye lango lile lenye msalaba wa chuma.

Pale, yeye alikuwa mbele ameshika kamba, na Firmin ndani anachemsha maziwa. Sauti ya mwanamume ilitoka juu ya gati: "Hodi. Naweza kupanda?" Huko hakuna mtu anayekanyaga boti ya mwenzake bila kuuliza, na hakuna muungwana anayemkatalia aliyeuliza, hasa kwenye mvua. Firmin, bila hata kuinua kichwa, aliitika: "Karibu, panda." Boti ikainama kidogo, kama inavyoinama mguu wa mtu ukitua, ikatulia. Wote wawili walidhani ni mlinzi wa lango. Ila Solange alipogeuka, mlinzi wa lango alikuwa ng'ambo ya pili, anazungusha mpini wa geti, na kwenye boti hakuna aliyeingia.

"Jana ulimkaribisha nani?" alimuuliza Firmin.

"Mlinzi."

"Mlinzi alikuwa ng'ambo."

Firmin alikuna masharubu. Kisha akacheka, na kicheko chake kilikuwa kifupi kuliko kawaida. "Basi tuna abiria. Na mimi sijamtoza nauli."

Jioni aliweka bakuli la tatu la kahawa mezani, kwa utani. Solange alilimwaga, akamwambia mambo mengine hayachezewi. Hapo ndipo walipoona mto wa kochi la kushoto umelowa, umebonyea katikati, kana kwamba mtu mzito alikuwa ameukalia na nguo za mvua. Walipoukamua, maji yaliyotoka yalikuwa na harufu ya ngozi kuukuu na jasho. Na kila walipozima injini ndani ya lango, ukimya ukiingia pamoja na giza la kuta za mawe, walisikia pumzi: heh, kimya, heh, kimya, pumzi ya mtu anayevuta kitu kizito, hatua moja kwa pumzi moja.

"Ni pampu," Firmin alinong'ona.

"Pampu tumeizima," Solange alijibu kwa sauti hiyo hiyo ndogo.

Alhamisi asubuhi Firmin alipovua fulana, Solange alimwona na alama nyekundu, pana kama kiganja, kutoka bega la kulia kupita kifuani mpaka mbavu za kushoto, kama mtu aliyefungwa mkanda na kuburutwa. Ilimuuma akivuta pumzi. Sauti yake ilikuwa imekwaruza, na kufika mchana kile kichekesho cha padri na bata kilimshinda njiani, akaacha mwenyewe bila kukatizwa. Solange aliogopa hapo kuliko alipouona mstari. Aliogopa kumpoteza, akajikasirikia kwa kuwa hakuwahi kumwambia mtu huyu neno zuri tangu walipouza tishari.

Ijumaa boti ilikataa kwenda sawa. Solange aliushika usukani kwa mikono miwili na bado pua ya boti ilivutwa kushoto, kwenye ile njia ya ukingoni ambako zamani watu na farasi walipita wakikokota matishari, mvua ikapiga kioo mpaka asione mbele, upepo ukaleta majani na matawi yaliyovunjika, na ndani Firmin amelala anahema kwa mwendo ule ule wa pumzi ngeni, heh, kimya, heh, kimya, mpaka Solange asijue tena ipi ni ya mumewe na ipi si yake. Alipoliona lango la Mama Zélie alikaribia kulia.

Mama Zélie alikuwa amestaafu ulinzi wa lango lakini nyumba ya pembeni yake hakuitoka. Watu wa matishari walimpelekea watoto walioungua, naye alipuliza, akasema maneno yake, maumivu ya moto yakaisha. Alikuwa amesimama gatini na buti za mpira na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Hakusalimia. Alitazama ubavu wa boti.

"Mko watatu," alisema. "Na mmoja ni mzito. Nani alimwambia apande?"

"Mimi, Mama," Firmin alisema kutoka mlangoni. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyeko chumba cha pili.

"Vua shati."

Aliiangalia alama, akaigusa kwa kidole kimoja, akakirudisha haraka. "Ni mkokotaji. Walikuwa wanavaa mkanda kifuani wanavuta tishari, mtu badala ya farasi, toka Dijon mpaka mlimani. Miaka yote wanatembea ukingoni, hawapandishwi. Huyu alifia kwenye kamba. Anachotaka ni kupanda akae, na wewe uvute badala yake."

"Tumfanye nini?" Solange aliuliza.

"Wewe, hakuna. Aliyemkaribisha ndiye atakayemshusha." Akamgeukia Firmin. "Shuka. Atakufuata, maana mkanda uko kwako. Mpeleke mpaka daraja la juu, kwenye lile jiwe lililochimbwa na kamba. Pale fanya kama unavua mkanda, uweke chini, urudi. Na usifungue huo mdomo mpaka uwe umekaa ndani ya boti yako. Hata neno moja, Firmin. Nakujua."

Firmin alitaka kusema kitu. Solange akamwekea mkono mdomoni.

"Na wewe," Mama Zélie alimwambia Solange, "atakayekupigia hodi, usimwitike. Mumeo hana sababu ya kupiga hodi kwenye boti yake mwenyewe."

Firmin aliposhuka, boti ilipanda juu kwa mkupuo, bakuli zikagongana kabatini. Mstari mweupe ulitokea, ukasimama kidole kizima juu ya maji, maana sasa aliyebaki ni Solange peke yake. Alimwona mumewe akienda kwenye mvua, mwili ameulaza mbele, mguu mmoja baada ya mwingine, anavuta kitu kisichoonekana. Miti ikamficha. Mama Zélie akaingia kwake kuwasha mshumaa.

Saa nzima ikapita. Mlinzi wa lango akapiga kelele kwamba maji yanapanda, kama wanakwenda waende. Solange alisimama nyuma ya boti na kamba mkononi, macho kwenye ile njia.

"Hodi. Naweza kupanda?"

Alikuwa kwenye nguzo ya kufungia kamba, kofia ile ile, koti lile lile, mvua imemfunika uso. Na sauti ilikuwa ya Firmin, si ile iliyokwaruza, bali ile nzima ya mwezi uliopita.

Solange alifungua mdomo, akaufunga. Firmin ni mtu wa mzaha. Firmin ndiye haswa mtu wa kurudi kutoka kwa mzimu na kupiga hodi ili amcheke mkewe.

"Bibie, ni mimi. Nimelowa mpaka mifupa. Hodi."

Akauma midomo.

"Solange, hivi utaniacha hapa? Kifua kinaniuma. Sema neno moja tu, nipande." Mvua ikachuruzika ukingoni mwa kofia. "Haya, nikusimulie ile ya padri na bata. Leo sitaki uikatize."

Alishika ukuta wa boti, akainamisha kichwa ili asiione ile kofia, na macho yake, kwa mazoea ya miaka yote, yakaenda ubavuni kwenye maji. Mstari mweupe haukuwa tena kidole juu. Ulikuwa sawasawa na maji, haukuzidi wala haukupungua. Kulikuwa na mtu ndani, na uzito wake Solange aliujua.

Akausukuma mlango. Firmin alikuwa amekaa kwenye kochi, amelowa, amepandia mbele wakati yeye anatazama nyuma. Alikuwa ameuziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili, machozi yanamtoka. Nje, sauti yake iliendelea kupiga hodi.

Solange alikata kamba kwa kisu cha mkate. Waliteremka malango yaliyobaki bila kulala, na Jumamosi, robo saa kabla ya mfereji kufungwa, wakafunga boti Saint-Jean-de-Losne. Alama kifuani ilififia ndani ya wiki moja. Pumzi ikawa yake tena. Ila alipofungua mdomo kuomba chumvi, hakikutoka kitu, hata mkwaruzo. Daktari wa Dijon alimulika koo, akasema koo ni zima kabisa. Firmin akachukua bahasha ya bili ya umeme, akaandika nyuma yake: *Pale kwenye jiwe aliniaga. Alisema kwaheri vizuri sana. Nikamjibu.*

Solange aliisoma, akakaa chini. Hakumgombeza. Mtu aliyezoea kuitika salamu za kila chombo kinachopita angefanya nini.

Kukiwa kukavu, wanaishi vizuri. Firmin anapika, anamshika mkono, anaandika utani kwenye magazeti ya zamani. Alijaribu kuandika na ile ya padri na bata, akafika nusu, akaichana; ile haikuwa ya karatasi. Lakini mvua ikishuka, hatua zinakuja gatini, na sauti ambayo Solange aliiambia ifunge mdomo miaka thelathini na mmoja inasimama karibu na dirisha.

"Hodi, bibie. Basi bata akamwambia padri, mbona unanitazama hivyo? Na unajua padri alimjibu nini?"

Hapo inanyamaza. Inangoja.

"Nikaribishe nikumalizie."

Jioni moja ya Desemba Solange alijikuta amesimama mlangoni, mkono kwenye komeo, hakumbuki alivyotoka kwenye kiti. Mdomo wake ulikuwa umekwisha kufunguka, na neno liko kwenye ulimi. Mkono wa Firmin ulitokea nyuma yake, ukaufunika taratibu, ukabaki hapo. Walisimama hivyo wote wawili, wakisikiliza, na Solange akalia kwenye kiganja cha mumewe kwa jinsi alivyotaka kuusikia ule mwisho.

Mvua za huko huendelea mpaka Machi.